Usiseme "amepona": namna ya kuishi na mtu aliyeumia ubongo

Siku mke wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, kaka yake mkubwa aliupigia simu ukoo mzima akiwa na neno moja tu: amepona. Simlaumu. Mke wangu alikuwa anatembea kwa miguu yake, anaongea, bandeji imetolewa na kovu limeanza kufunikwa na nywele. Hata mimi niliingia naye nyumbani na neno hilo mdomoni. Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, alikuwa ameshaniuliza mara nne kama leo ni siku ya shule.

Huu ni mwaka wa sita sasa. Mimi ni dereva wa lori, udaktari sina. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, akagongwa na gari akivuka barabara kwenda kumchukua mtoto wetu wa kiume. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningefurahi mtu angenikalisha chini akaniambia wiki ile ya kwanza. Wodini walituelekeza vizuri juu ya kidonda na vidonge, lakini juu ya sisi tutakaoishi naye hakuna aliyesema neno. Ameumia mmoja, ila nyumba nzima inachechemea.

Maswali ya kuuliza kabla hamjaondoka wodini

Nenda na daftari. Usikiamini kichwa chako wiki hiyo, hata kama ndicho kilicho kizima. Uliza ni sehemu gani ya ubongo imeumia, na uliza hiyo sehemu hufanya kazi gani mtu akiwa nyumbani. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga, inayoanzisha jambo na inayouzuia ulimi. Za pembeni, usawa wa masikio, zina kazi kubwa kwenye kumbukumbu na kuelewa maneno. Ya nyuma kabisa inashughulika na kuona. Nilipojua kwamba mke wangu ameumia mbele na ubavuni kushoto, mambo mengi niliyodhani ni kisirani yalipata maelezo.

Utawasikia pia wakitaja alama za Glasgow. Ni kipimo kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Wanaangalia mgonjwa anavyofumbua macho (alama 4), anavyojibu kwa maneno (alama 5) na anavyosogeza viungo (alama 6). Jumla 15, na chini kabisa ni 3, kwa sababu hata asiyeitikia chochote hupewa moja moja. Kuanzia 13 wanaita jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini kubwa. Wangu alifika na 9. Kwa wiki mbili nikawa naitaja tisa hiyo kama mzazi anayetaja matokeo ya mtihani, mpaka muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akaniambia: "Baba, hiyo inatuonyesha alifikaje hapa. Atakavyokuwa sebuleni kwako haikuambii." Na kweli. Wapo walioandikiwa jeraha dogo ambao miezi inapita na bado kichwa kinauma, mwanga unawasumbua, maneno yanawapotea, na kwa kuwa hawakulazwa hakuna anayewaamini.

Msiondoke pia bila kujua dalili za kumrudisha mbio: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi unaozidi hadi kumwamsha ni kazi, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko mwenzake, upande mmoja wa mwili kulegea, majimaji kutoka puani au masikioni, kuchanganyikiwa kuliko jana. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu ikajionyesha baada ya wiki kadhaa, hasa kwa wazee na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Degedege nalo huweza kuja, hata baada ya miezi. Likija, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu chochote mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, au likiwa ndilo la kwanza, tafuta msaada wa dharura. Pombe aiache. Gari asiguse hadi daktari aseme. Hili nalisema kama mtu ninayekula kwa usukani.

"Mbona mzima?"

Mwezi wa pili walikuja walimu wenzake sita. Alivaa vizuri, akakaa nao saa nzima, akacheka, akakumbuka hata jina la utani la mwalimu mkuu wao wa zamani. Walipokuwa wanatoka wakanipiga begani: mbona mzima, unatutisha bure. Walipokata kona tu, mke wangu akaegemea ukuta wa korido, akateleza taratibu mpaka sakafuni, akalala pale pale na kiatu kimoja mguuni. Aliamka kesho yake mchana, na siku ya pili hakuweza kufuata mazungumzo ya watu wawili.

Uchovu huu si wa kukosa usingizi wala wa uvivu. Wewe ukikaa sebuleni, ubongo wako unachuja sauti ya feni, ya watoto nje na ya redio ya jirani bila wewe kujua, kisha unabaki na sauti ya anayesema nawe. Ubongo ulioumia unaifanya kazi hiyo kwa jasho. Kila neno linatafutwa, kila uso unaulizwa jina. Kwa nje anaonekana anapiga soga, kumbe ndani anabeba magunia.

Kwa hiyo sisi tunahesabu. Jambo kubwa moja kwa siku: kama leo ni kliniki, basi leo hakuna mgeni. Wageni wawili kwa wakati mmoja, dakika ishirini, nami ndiye ninayesimama kwanza ili nao wasimame. Anapumzika kabla ya jambo, asisubiri mpaka aanguke. Televisheni haiwaki watu wakiongea. Na ukiona anapapasa kipaji, anajibu kwa neno moja moja au macho yanaganda, funga kikao, hata kama hadithi ilikuwa imefika patamu.

Halafu lile neno. Waombe ndugu waache kusema amepona. Nilimpa shemeji yangu sentensi ya kusema badala yake, neno kwa neno, maana ukimwachia mtu atunge atarudi kule kule: "Ametoka hospitali, mwili unaendelea vizuri, ubongo bado unapona na itachukua muda." Inaonekana jambo dogo. Lakini mtu akishatangazwa amepona, kila anachokosea kuanzia hapo huitwa tabia. Akisahau, anajitia hamnazo. Akinyamaza, ana kiburi. Akikasirika, ndoa ina matatizo. Nusu ya ugomvi wa ukoo wetu mwaka ule wa kwanza ulizaliwa na neno moja la simu.

Hasira, ulimi, na soksi mkononi

Mke wangu niliyemwoa alikuwa na ulimi wa mwalimu: unapima, halafu unasema. Aliyerudi alimwambia mama yangu, mbele ya watu, kwamba anaongea sana na hamalizi hadithi. Ukweli ni kwamba mama anaongea sana na hamalizi hadithi, lakini kwa miaka kumi na sita mkwewe alikuwa ameumeza ukweli huo. Mama alichukua mkoba wake akaondoka. Ilibidi nimfuate nimweleze, na nilimweleza kwa kisa nilichosimuliwa na daktari mmoja.

Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtalimbo wa chuma uliofyatuliwa na baruti. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Uliingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa, na aliongea siku ile ile. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba marafiki walisema huyu si Gage tena: amekuwa mtukanaji, hana subira, anapanga hiki na kukiacha. Wengi hukisimulia kisa hiki mpaka hapo tu, kana kwamba jamaa aliharibika moja kwa moja. Mimi kilichonigusa ni mwisho wake. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akafanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha magari ya farasi ya abiria. Dereva mwenzangu! Na najua kazi hiyo inataka nini: uamke saa ile ile, njia ile ile, farasi waangaliwe, abiria wasitukanwe. Nadhani ratiba ile ilimshika mkono. Tangu nikijue kipande hicho nikaacha kumhubiria mke wangu kuhusu adabu, nikaanza kupanga siku yake.

Hasira nilizishughulikia kwa daftari la safari. Dereva wa masafa huandika saa, kituo, mafuta. Mimi nikaandika saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia. Wiki tatu tu, picha ikajitokeza: karibu hasira zote ziliangukia kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ndio muda watoto wanarudi, mabegi yanatupwa, televisheni inawashwa, mimi napiga simu za mizigo, na yeye ameshatumia nguvu zake zote za mchana. Hatukuhitaji dawa ya hasira. Tulihitaji alale saa tisa, televisheni izimwe, na mimi nipigie simu nje. Hazikuisha, ila zilipungua hadi tukaweza kupumua.

Ikiwaka hata hivyo, punguza sauti yako na maneno yako. Sentensi moja fupi: "Nimesikia, natoka kidogo, narudi." Toka, na urudi kweli. Usianze kumthibitishia kwamba amekosea. Kuushinda ubishi na mtu ambaye ubongo wake umeishiwa nguvu ni sawa na kumshinda mbio mtu aliyevunjika mguu. Ikipita, usiirudie mezani. Mara nyingi yeye mwenyewe ameisahau, na wewe ndiye unayebaki nayo kifuani. Lakini kama kuna kupigwa au kutishiwa, hilo si la kuvumilia kimya: watoe watoto, omba msaada siku hiyo hiyo, na mwambie daktari waziwazi. Jeraha linaeleza kipigo kilitoka wapi. Mtu wa kukipokea halikumteua.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia vibaya kuliko hasira, nalo ni kutoanza. Nilimkuta asubuhi moja amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi. Nikaenda kuosha gari, nikarudi baada ya nusu saa, soksi iko pale pale. Hakuwa na huzuni, hakuwa amegoma. Alijua kuvaa soksi. Kilichokufa ni ile "haya, sasa" ya ndani inayotuondoa mahali. Usimuulize mtu wa namna hii "unataka kufanya nini leo?" Swali kubwa kama hilo linamzamisha. Mpe mawili achague, au anza naye hatua ya kwanza: nilishika soksi, nikaifungua mdomo, mguu ukaja wenyewe.

Na akicheka msibani au akilia kwa tangazo la sabuni, usimuulize kulikoni. Wakati mwingine kicheko na kilio hutoka bila hisia yoyote nyuma yake. Badilisha mazungumzo, mwelekeze macho kwenye kitu kingine, ipite.

Asiyejua kwamba hajui

Hili lilinitesa kuliko yote. Unamwambia umesahau birika kwenye moto, anakuambia sijagusa birika. Unamwonyesha birika limeungua, anasema basi umelichoma wewe. Nilidhani ni ukaidi. Madaktari wana jina lake, anosognosia, lililotolewa na Joseph Babinski wa Ufaransa mwaka 1914: ubongo wenyewe umepoteza uwezo wa kuona kasoro yake. Kukana ni pale mtu anapojua na hataki kukubali. Huyu hajui. Kumpigia kelele ni kumlaumu kipofu kwa kutokuona.

Basi tukaanzisha daftari lake, tofauti na langu. Kosa la kwanza: niliandika mimi. "Dawa umeshakunywa saa mbili." Alisoma, akanitazama, akauliza, "Nani kaandika hapa?" Alidhani namdanganya, na kwa upande wake ilikuwa haki kabisa, mtu anaishi na sauti za watu wanaomwambia alichofanya, yeye hana ushahidi. Tukabadilisha. Kila kitu anaandika yeye, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na mwisho wa mstari anatia saini. Mwandiko wake anauamini. Daftari limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kalamu nayo ina kamba yake, kwa sababu msaada wa kumbukumbu unaopotea ni mzigo juu ya mzigo. Simu inapiga kengele kwa ajili ya dawa. Makabati yana vibandiko. Akiuliza jambo lile lile mara ya tano, simjibu "nimeshakuambia", nasema "daftari linasemaje?" na sauti naitunza iwe ya mara ya kwanza. Siku nyingine sauti inanishinda. Ndivyo ilivyo.

Fedha tuliongea mapema, siku aliyokuwa ametulia, kaka yake akiwepo: kiasi kidogo kwenye simu yake kwa matumizi yake, kikubwa kinatoka kwa sahihi mbili. Tulikubaliana baada ya yeye kumtumia mtu wa simu za ulaghai akiba ya mwezi mzima. Kama mna mali au madeni, muoneni mwanasheria wakati mgonjwa bado anaweza kusema anachotaka. Msimnyang'anye kila kitu kwa siku moja, atajiona mfungwa.

Watoto

Mtoto wetu wa kiume alikuwa na miaka minane. Alikaa miezi mitano bila kusema, kisha usiku mmoja garini akaniuliza, macho yake dirishani, "Angekuwa haji kunichukua, asingegongwa?" Miezi mitano alikuwa amelala na swali hilo.

Waambie mapema, kwa maneno mafupi, na uyarudie kila baada ya muda: hukusababisha wewe, ugonjwa huu hauambukizi, mama akifoka, ni kichwa kinachouma ndani, upendo haujaondoka, na hivi ndivyo vitu ambavyo havitabadilika. Cha mwisho kiwe kweli. Mimi niliahidi nitakuwa nyumbani kila Jumapili, nikaacha safari za mbali, na mapato yakapungua kweli kweli.

Binti yetu wa miaka kumi na nne yeye hakuuliza kitu. Alishika nyumba. Alipika, alifua, alimpa mdogo wake zamu za masomo, na sisi watu wazima tukamsifu: mama mdogo huyu! Ni mwalimu wake aliyeniambia kwamba tangu muhula uanze hajamwona akicheza wala hajaalika rafiki. Hakuwa anaalika kwa sababu hakujua mama yake angemwambia nini mgeni. Siku hiyo nilimwomba msamaha, nikaandika ukutani zamu za kazi ambazo jina lake linaonekana mara mbili tu kwa wiki. Ukisikia watu wanamsifu mtoto wako kwa kuwa mtu mzima, kagua.

Kitanda, na yule unayemsubiri

Wenye ndoa tuseme ukweli, maana vijitabu huliruka hili. Huwezi kumwogesha mtu asubuhi, ukamhesabia vidonge mchana, halafu usiku ukamtaka kama mke kwa kubonyeza swichi. Na yeye pia anaweza kukosa hamu kabisa, au akawa nayo bila breki. Vyote viwili husababishwa na jeraha lenyewe, au na dawa, na vyote viwili vinaulizwa kwa daktari bila aibu. Sisi kilichotusaidia ni kumtafuta mtu mwingine wa kumwogesha. Mdogo wake wa kike akaja mara nne kwa wiki. Mwezi mmoja baadaye nilimshika mke wangu mkono tukiwa tumekaa tu, na haukuwa mkono wa mgonjwa.

Utamkosa mtu ambaye amekaa mbele yako. Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuandika juu ya kumpoteza mtu kwa namna hii, yupo na hayupo. Mimi nauita msiba usio na kaburi: hakuna anayekuja kukupa pole, na ukilia unajiona msaliti kwa sababu mwenzio yu hai. Lia. Nilikuwa na rekodi ya sauti yake kwenye simu, ananituma sabuni na chaki, sekunde kumi na moja. Niliisikiliza mpaka nikajua pumzi zake ziko wapi. Sasa nimeacha kuisikiliza akiwa chumba cha pili. Niliona haimtendei haki huyu aliyepo.

Kuhusu muda: maendeleo huwa ya kasi zaidi miezi sita ya mwanzo, kisha hupungua mwendo. Kupungua mwendo si kusimama. Mke wangu alirudia kusoma kurasa nzima mwaka wa tatu, na mwaka wa nne alianza kumsaidia mtoto hesabu za sehemu. Kufundisha darasa hatarudi, nadhani. Ukiambiwa tarehe ambayo baada yake hakuna kitu tena, sikiliza kwa heshima na uendelee na mazoezi.

Wewe nawe

Mwaka wa pili nilikuwa nafika nyumbani jioni, nazima injini, nakaa ndani ya lori nje ya mlango wangu mwenyewe. Kwanza dakika kumi. Baadaye saa. Siku moja nikalala humo mpaka alfajiri, viti vya lori langu ni vibovu, na nililala vizuri kuliko miezi yote. Utingo wangu ndiye aliyenikuta asubuhi. Hakuuliza. Alisema tu, "Bosi, hapa pana shida, na siyo ya lori."

Ukikosa usingizi wiki kadhaa, ukianza kunywa ili usifike nyumbani ukiwa na akili, ukifikiri kwamba ingekuwa heri mmoja wenu asiwepo, nenda kwa daktari kwa ajili yako mwenyewe, jina lako liandikwe kwenye faili. Mimi nilikwenda. Tafuta pia wenzako: familia zenye mgonjwa kama wako. Uliza kliniki, wauguzi huwa wanajua nani anapitia nini, na wanaweza kumuuliza mwenzako kama yuko tayari kuongea.

Na msaada uombwe kwa kipimo. Watu husema "tupo, ukihitaji chochote sema." Chochote hakibebeki. Nikabandika karatasi jikoni yenye kazi na saa zake: Jumanne, kumpeleka mazoezi ya viungo, saa tatu. Jumamosi, kukaa naye saa mbili ili mimi nilale. Kusimama foleni ya bima. Mtu akisema chochote, namwonyesha karatasi, anachagua. Shemeji yangu wa zile simu ndiye aliyechukua foleni ya bima, na amekuwa bingwa. Kelele zake hatimaye zimepata kazi.

Marafiki, na karatasi ya mlangoni

Kati ya wale walimu sita, wanne hawakurudi. Nilikuwa na kinyongo nao muda mrefu. Sasa nadhani wengi hawakuwa na roho mbaya, waliogopa: hawajui waseme nini, wamesahihishwa mara moja, wakaona bora wakae mbali wasikosee. Kama wewe ndiye rafiki, soma hapa. Usipige simu kuuliza "anaendeleaje" kwa mumewe peke yake. Ongea naye yeye, polepole, jambo moja moja, na umpe muda wa kujibu hata kimya kikiwa kirefu hadi kukukera. Usimmalizie sentensi isipokuwa akuombe. Usiongee juu yake kama fenicha, mbele yake. Usimwambie "hata mimi nasahau sana siku hizi". Unadhani unamfariji, kumbe unamwambia hana lolote. Njoo mara chache lakini kwa siku inayojulikana. Mmoja wa wale wawili waliobaki huja kila Alhamisi saa nne, wanatembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Hawana ajenda. Kuna Alhamisi hawasemi kitu. Mke wangu hakumbuki walichoongea wiki iliyopita, lakini Alhamisi asubuhi huamka na kuvaa viatu vya kutembelea bila kuambiwa na mtu.

Kwa ajili ya wengine niliandika karatasi nikaibandika mlangoni kwa ndani, usawa wa macho ya mgeni anapoketi kuvua viatu. Ilikuwa na mistari minne: Dakika ishirini. Mtu mmoja aongee kwa wakati. Zima simu. Akichoka, tutawaaga bila kuoneana aibu.

Wiki kama tatu zilizopita nilirudi safari fupi nikamkuta amesimama mbele ya karatasi hiyo na kalamu nyekundu. Alikuwa amesahihisha herufi niliyokosea kwenye "kuoneana", akaweka vyema pembeni mwa mistari mitatu, na wa nne akauandikia "vizuri kiasi". Chini yake alikuwa ameongeza wa tano, kwa ule mwandiko wa ubaoni, na saini mwishoni:

"Msiniulize 'unanikumbuka?' Taja jina lako, kisha ukae."